Sabuni Ni Mos Mos

Wasee wakiskia unatengeneza sabuni kejani, swali ya kwanza ni ile ile: "Unauza ngapi?" Hakuna mtu huuliza ka inabamba. Nairobi imetuzoesha hivyo. Kila kitu ukishika lazima ikuwe hasla, ikulipie rent ama bando. So wacha niseme mapema, hii story si ya biashara. Ni ya sabuni ya kipande yenye naundanga ju naimaindi, naoga nayo, nagawia mathe na mabeshte, na tangu nianze Jumamosi zangu zimekuwa tamu mbaya.

Tusichanganye mambo, ju kuna ile sabuni ya maji imejaa mtaani, ya vyombo na choo. Wasee wanabuya ungarol na ufacid tao, wanakoroga kwa ndoo, wanaongeza chumvi hadi ishike, kesho yake iko kwa mtungi inatembezwa ploti kwa ploti. Hiyo ni hasla safi na naiheshimu sana. Lakini mafuta haijageuka hapo. Kwa sabuni ya kipande unachukua mafuta ya kawaida, unaikutanisha na kostiki soda, na zote mbili zinapotea kabisa. Kenye kinabaki ni sabuni na gliserini. Ile kostiki ingekuchuna ngozi asubuhi, ukipima hesabu poa, ikiisha kazi hata tone haiko. Mfaransa anaitwa Michel Eugène Chevreul ndiye alichambua hii maneno, akatoa kitabu mwaka wa 1823 akionyesha mafuta ni asidi zimeshikana na gliserini. Kabla yake, mafundi wa Aleppo na Nablus walikuwa wamepika sabuni ya zeituni karne na karne na mikono zao tu, na hadi leo wanapika.

Kostiki inatisha, na inafaa itishe. Ni ile chembechembe nyeupe ya kuzibua sinki. Ukiimwaga kwa maji baridi ya mfereji, hiyo maji inapanda moto hadi karibu digrii 90, bila gesi, bila stima, na mvuke wake unakushika koo. Ndio maana mimi huchanganyia nje, kwa balkoni, upepo ikinipita. Sheria ni moja na haina mjadala: kostiki ndio inaingia kwa maji. Ukimwaga maji juu ya kostiki inachemka ghafla na inaweza kukurukia usoni. Vaa glavu za mpira, miwani ya kukinga macho, shati ya mikono mirefu na kiatu ya kufunika vidole. Watoi na paka wakae mbali.

Halafu kuna sheria ya sisi watu wa Nairobi. Jaza mitungi ya maji kabla hujafungua hiyo kostiki, ju maji ya mtaa hukam na siku zake, na ikikumwagikia unadai maji mob, ya kutiririka, robo saa ama zaidi. Achana na story ya siki. Siki kwa ngozi yenye inaungua inakuongezea tu maumivu na inakupotezea time. Ka ni jicho, ukishaosha unaishia hosi direkti.

Sufuria nayo ilimaliza beshte yangu mmoja raha ya siku ya kwanza. Zile sufuria zetu, za kugongwa Kamukunji, ni aluminiamu, na kostiki hukula aluminiamu. Inatoa povu, inatoa gesi ya hidrojeni yenye hushika moto, chuma inageuka nyeusi. Alikimbiza hiyo kitu nje na tongs za jiko, akapoteza sufuria ya mathe yake na mafuta yote. Hii kazi inadai ndoo ya plastiki ngumu, ile iko na namba 5 kwa kitako, ama sufuria ya stenlesi.

Sasa kuna hesabu, na hapa ndio kitu iliniteka. Kila mafuta iko na namba yake ya kostiki. Gramu moja ya mafuta ya nazi inadai gramu 0.183. Ya ng'ombe, 0.140. Alizeti, 0.134. Shea, 0.128. Chukua raundi yangu ya kawaida: mafuta ya ng'ombe gramu 500, nazi 300, alizeti 200. Zidisha moja moja, jumlisha, unafika karibu 152. Toa asilimia 5, ndio kuwe na mafuta kidogo imebaki ya kubembeleza ngozi, na uko na gramu 144 za kostiki. Maji ni mara mbili ya hiyo, gramu 288. Hakuna kupima na kijiko wala kikombe, na hakuna "ongeza kiasi". Mzani ya jikoni ya dijitali ndio kitu ya kwanza kubuya, hata kabla ya mafuta, na kila ukibadilisha mafuta unapiga hesabu upya.

Usidhani hizo mafuta nimezipanga ovyo. Nazi ndio inaleta povu kubwa, inatoa povu hata kwa maji ya chumvi, lakini ukiizidisha inakukausha ngozi ikabaki na mikwaruzo nyeupe. Ng'ombe inaleta ugumu, kipande ikae bafuni bila kuyeyuka. Alizeti inalainisha, lakini ukiijaza sana sabuni inakuwa teketeke na baadaye inaota madoa ya machungwa, inaanza kunuka mafuta ya kitambo.

Watu hukunja uso nikitaja ng'ombe. Wewe ishia bucha ya mtaa, itisha ile mafuta nyeupe ya figo yenye inatupwanga ama inauzwa bei ya kushuka. Katakata ndogo ndogo, weka kwa maji na chumvi, moto ya chini, masaa. Hapo sufuria ya kawaida ni sawa ju kostiki haijafika. Ploti yote itanuka supu, hiyo siwezi kukuficha. Ikipoa, mafuta inaganda juu, uchafu inabaki chini na maji. Unaigeuza, unakwaruza tumbo ya chini, unarudia na maji safi. Mwisho unashika kitu nyeupe, ngumu, karibu haina harufu, na imetoka kwa kitu ilikuwa inaenda kwa mbwa.

Nazi nayo iko na vituko zake za hali ya hewa. Huganda ikienda chini ya digrii 24, so Julai hapa Nairobi unaichota na kijiko, na msee wa Kwale bado anaimwaga tu.

Na mtu asikudanganye utumie magadi badala ya kostiki. Magadi ya githeri asili yake ni Ziwa Magadi, huko Kajiado. Hiyo ni kabonati, na mafuta yako ya kupika haitageuka sabuni ju yake. Soda ash pia ni jamii hiyo. Zote ni nyeupe, zote ziko kwa karatasi ya nailoni, so soma lebo, na ka pakiti haina lebo, iwache kwa duka.

Penye roho yangu iko ni kwa blenda. Mafuta imeyeyuka, maji ya kostiki imepoa, zote ziko karibu digrii 40. Unamwaga mos mos. Blenda ya mkono, sekunde kadhaa, unazima, unakoroga na mwiko, unawasha tena. Mwanzo ni maji ya manjano yenye inakataa kushikana, unaona mafuta ikiogelea juu. Halafu inaanza kupata wingu. Rangi inapauka, inakuwa krimu, mlio wa blenda unashuka ju kazi imekuwa nzito. Unainua blenda, tone inaanguka, na badala ya kuzama inakaa juu, inaacha mstari. Imekuwa uji mwepesi, na haiwezi rudi kuwa mafuta tena. Mikono iko kwa glavu, simu iko chumba ingine ju huwezi iguza, hakuna notifikesheni ya kukusumbua. Kwa huu mji sijapata place ingine akili yangu hutulia hivyo.

Lakini hapo hapo ndio hutoka machozi, na mara mob ni ju ya manukato. Mafuta ya karafuu inanukia safi, lakini ina tabia ya kuharakisha kila kitu. Ukiiweka, uji yako inaweza kuganda kabla hujamwaga kwa boksi, ubaki unashindilia na mwiko. Mdalasini ni ndugu yake, na juu ya hiyo inawasha ngozi. Machungwa na ndimu zinanukia siku ya kwanza, wiki kadhaa baadaye zimehepa. Mchaichai ndio hukaa. Maua nayo huvunja watu roho: hibiskasi nyekundu, ile ya juisi, ikikutana na kostiki inageuka kahawia ya huzuni. Manjano inaanza nyekundu, halafu inatulia kwa rangi ya machungwa. Maziwa inaungua ju ya sukari yake, so unaigandisha kwanza kwa friza, alafu unaimwagia kostiki kidogo kidogo ikiwa barafu. Makaa ya jiko usisage, inakwaruza. Tafuta ile ya unga laini ya kazi ya ngozi.

Boksi yangu ya mbao iliundwa na fundi wa hapa stage, imetandikwa karatasi ya kuokea. Unamwaga, unagonga chini hewa itoke, unafunika na blanketi ndio moto ibaki ndani. Kesho yake ama kesho kutwa inatoka, imepoa lakini bado nyororo, na unaikata na waya. Waya inashuka bila kelele hadi nusu, halafu kipande inajitenga, na upande wa ndani unauona kwa mara ya kwanza: mistari ya rangi venye ilijikunja, ama ile duara nyeusi katikati penye moto ilipita zaidi. Hata ukiunda na resipi moja mwaka mzima, ndani haitakaa sawa. Wakati mwingine juu kunakuwa na unga nyeupe. Hiyo ni kostiki imekutana na hewa kabla haijamaliza kazi. Unaikwaruza, maisha inasonga.

Ikifika hapo wageni hudhani kazi imeisha, ata wananyoosha mkono. Hapana. Inaenda kwa rafu wiki nne hadi sita, vipande zikiwa zimeachana, hewa ikipita. Maji inatoka, sabuni inakaza, povu inakuwa nzuri. Mimi hupima kipande moja kila wiki na kuandika. Uzito ikiacha kushuka, imeiva. Kabla ya kuoga nayo kuna jaribio ya ulimi: unalowesha kidole, unasugua kipande, unagusa ulimi kidogo tu. Ikikupiga shoti, bado kuna kostiki. Ka haijatulia baada ya hizo wiki, hesabu ilikuwa mbaya, na hiyo haiendi kwa ngozi ya mtu.

Maji yenye unaoga nayo pia inabeba lawama mob. Ka maji ni ngumu, madini yake inashikana na sabuni inaunda ule ukungu kwa beseni, na watu wanasema sabuni ni mbaya. Oga nayo na maji ya mvua siku moja ndio utajua kenye umeunda.

Sasa turudi kwa swali ya wasee, ile ya kuuza. Naelewa penye inatoka. Doh ni ngumu, na ukiona kipande safi kwa karatasi ya kaki, akili inakimbia kwa lebo na bei. Anko yangu ameshanipangia hadi jina ya kampuni. Lakini kuuza kunakuja na mizigo zake: alama ya ubora ya KEBS, vipimo, oda ya watu wanadai kesho kitu inaiva wiki sita, na lavenda tu ju ndio inatoka sana. Nikifika hapo nitakuwa nimepata boss mwingine. Kuna mambo kadhaa kwa maisha ya kijana yafaa zibaki bila bei, na hii nimeamua ni yangu. Mathe anaoga nayo, mikono zake zenye zilikuwa zinapasuka ju ya sabuni kali za kufua zimelainika, na sasa ananiitishia kabla ya ile iko bafuni kuisha. Beshte yangu dere wa nganya anadai ile ya kahawa, ya kutoa grisi. Hiyo ndio oda nataka.

Raundi yenye inafuata ni ya chumvi. Nazi mtupu, mafuta ya ziada asilimia 20 ndio isikaushe, na chumvi ya bahari nusu ya uzito wa mafuta. Hiyo haingoji kesho. Lazima uikate ndani ya masaa machache ikiwa bado na joto, ama inavunjika vunjika kwa waya. So Jumamosi hiyo sitoki keja, mzigo ya nazi kutoka Kwale iko kona ya jikoni, na ka uko na glavu zako na miwani, pitia tukoroge.