Moshi wa Bluu na Shafti Inayoelea

Msomaji wa Morogoro mwenye Hiace ya dizeli iliyokwisha kutembea kilomita 340,000 ameniandikia. Gari linatoa moshi wa bluu, likifika mlima wa Kitonga halivuti, na fundi ameshamwambia atafute pesa ya tabo. Anauliza: aitoe? Ndugu yangu, izuie kwanza.

Kwamba tabo hutumia nguvu ya moshi kusukumia hewa kwenye silinda, kila dereva wa dizeli anajua. Habari za Alfred Büchi, Mswisi aliyeombea hataza wazo hilo mwaka 1905, nazo zitasubiri. Mimi nataka twende moja kwa moja kwenye shafti.

Shafti hiyo ni nyembamba kuliko kidole. Upande mmoja ina panga linalozungushwa na moshi, upande wa pili panga linalosukuma hewa. Injini ikikazwa, huweza kuzunguka mara 150,000 kwa dakika, yaani mara 2,500 kwa sekunde. Kama panga la hewa lina kipenyo cha milimita 50, ncha zake zinakwenda karibu mita 390 kwa sekunde: sauti yenyewe inaachwa nyuma. Wakati huohuo upande wa pili unaunguzwa na moshi wa nyuzi mia kadhaa. Ungetegemea kukuta humo beringi ya gololi ya kifahari. Tabo nyingi hazina. Zina bushi za shaba, tena zimelegea, na zimelegea makusudi.

Kinachoibeba shafti ni oili. Dereva yeyote aliyewahi kukimbiza gari kwenye lami yenye maji anaijua kanuni hii, ingawa aliijua kwa hofu. Tairi linakokota maji na kuyasokomeza kwenye upenyo unaozidi kubana kati yake na lami. Maji hayana pa kukimbilia, presha inapanda, tairi linanyanyuka na usukani unakuwa mwepesi mkononi. Barabarani hiyo ni ajali inayokuja. Ndani ya tabo ndiyo salama yenyewe: shafti inakokota oili kwenye upenyo wa sehemu chache za mia za milimita, inanyanyuka, chuma hakigusi chuma. Na kama tairi linavyorudi kwenye lami mwendo ukipungua au maji yakikauka, ndivyo shafti inavyorudi kwenye bushi oili ikichelewa kufika. Ndiyo maana kupiga resi gari likiwa limewaka sasa hivi ni dhambi, na kuzima ghafla baada ya mlima ni dhambi kubwa zaidi: oili inasimama, joto linabaki, oili inaungua na kuwa masizi magumu ndani ya vijia vyake.

Utamu hauishii hapo. Bushi nayo imezungukwa na oili kwa nje, kwa hiyo inazunguka pia, polepole kuliko shafti. Nimeibatiza bushi-elea, wala siombi radhi. Zile tabaka mbili za oili zinameza mtikisiko, na shafti inajitafutia kitovu chake yenyewe.

Sasa turudi kwa fundi. Amefungua mpira wa hewa, injini imezimwa na imepoa, akatikisa shafti pembeni, ikacheza. "Imekufa." Hapana! Oili haina presha hapo, lazima shafti icheze kidogo. Aivute na kuisukuma kwa urefu wake: hapo mkono usisikie kitu. Aangalie kama ncha za panga zimekwaruza ukuta. Zikiwa zimekwaruza, au tabo inalia kama king'ora, basi ni kweli imekwisha.

Na moshi wa bluu? Sili za tabo si za mpira, zingeungua. Ni ringi za chuma, na peke yake ringi haiwezi kuzuia oili iliyojaa. Inategemea presha ya hewa na ya moshi nyuma ya mapanga, na inategemea oili kushuka yenyewe kwenye sampo kupitia bomba nene la chini. Bomba hilo likiziba, oili inapanda na kutokea kwenye ringi. Ringi za pistoni zikichakaa, jambo la kawaida kwa kilomita 340,000, gesi zinavuja hadi kwenye sampo na kuizuia oili isishuke. Chujio la hewa likiziba, panga linaifyonza oili. Katika hali zote tatu hata tabo iliyo nzima inavuja, na tabo mpya itavuja vilevile. Fungua mfuniko wa oili injini ikinguruma taratibu: mvuke ukifuka kwa nguvu, angalia injini kabla ya tabo. Moshi ukitoka asubuhi tu kisha ukapotea, shuku kwanza sili za valvu.

Kukosa nguvu ni kesi nyingine. Moshi ukiwa mweusi, hewa inapotea: pitisha mkono kwenye mipira yote hadi intakula, tafuta mpasuko na klipu iliyolegea. Nguvu ikikatika mlimani kisha ikarudi ukizima na kuwasha, visu vinavyoongoza moshi ndani ya tabo huenda vimekwamishwa na masizi. Mara nyingi husafishika.

Ila moshi wa bluu usiupuuze: oili ikizidi kuingia kwenye hewa, dizeli inaweza kujiendesha kwa oili hiyo na isizimike kwa ufunguo, kwa hiyo usiendelee kuendesha gari hivyo.

Ukilazimika kununua, simama hapohapo gereji. Bomba la kupeleka oili libadilishwe au lisafishwe hadi mwisho, gundi ya gaskiti isiwekwe hapo hata tone, maana kipande kikikatika kinaziba tundu la oili, na oili safi imiminwe kwenye tundu la tabo kabla ufunguo haujazungushwa.