Je, Wajua? Maria Magdalena Hakuwa Kahaba

Hakuna Injili hata moja inayosema Maria Magdalena alikuwa kahaba. Luka 8 inamtaja kuwa mwanamke aliyetokwa na pepo saba, mmoja wa wanawake waliofuatana na Yesu na kumhudumia kwa mali zao. Wapo wanaosema ndiye yule mwenye dhambi wa Luka 7 aliyempaka Yesu marhamu miguuni; lakini huyo hakutajwa jina, na Luka anamtambulisha Maria baadaye kama mtu mpya kabisa. Wengine hushikilia kwamba pepo saba ni ishara ya uzinzi. Hoja hiyo ni dhaifu, kwani katika Injili wenye pepo huponywa. Hawahukumiwi kwa uasherati. Aliyeipa nguvu dhana kwamba Maria alikuwa kahaba ni Papa Gregori Mkuu, katika mahubiri ya mwaka 591, na Ukristo wa Magharibi ukamfuata kwa karne nyingi. Waorthodoksi hawakumfuata.

Kinachosikitisha ni kwamba sifa hiyo ya uongo ilifunika ushuhuda wake. Injili zote 4 zinamweka kaburini asubuhi ya ufufuko, na katika Yohana 20 ndiye wa kwanza kumwona Yesu aliyefufuka, akatumwa kuwapasha wanafunzi habari. Mwaka 2016 Papa Fransisko aliipandisha kumbukumbu yake ya Julai 22 kuwa sikukuu, daraja lilelile la sikukuu za mitume.