Kwa nini mfuko wa Mmarekani huamua bei ya pamba Bariadi

MSIMU wa ununuzi wa pamba wa mwaka 2022 ulipofunguliwa, mkulima wa Bariadi alitangaziwa Sh1,560 kwa kilo. Mwaka uliofuata, kwa pamba ya shamba lilelile, alitangaziwa Sh1,060.

Kwa kaya iliyovuna kilo 900, mapato yalishuka kutoka Sh1,404,000 hadi Sh954,000, kabla ya kukatwa deni lolote la pembejeo. Kosa halikuwa la mkulima wala la karani wa mzani. Sehemu kubwa ya sababu ilikuwa katika mifuko ya watu ambao hawajawahi kulisikia jina la Simiyu.

Mkoa huo, uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, ndio unaoongoza nchini kwa kuzalisha pamba. Pamba mbegu inayopimwa kwenye chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) hupelekwa kiwandani kuchambuliwa. Takriban theluthi moja ya uzito wake hutoka ikiwa pamba nyuzi. Inayobaki zaidi ni mbegu, ambazo hukamuliwa mafuta ya kula na kuacha mashudu ya mifugo. Viwanda vya nguo vya ndani hutumia sehemu ndogo tu ya nyuzi hizo. Nyingi huuzwa nje, kwa bei inayofuata soko la New York, ambako pamba huhesabiwa kwa ratili, yaani chini kidogo ya nusu kilo.

Hivyo bei dira hupigwa kinyumenyume. Huanza na bei ya nyuzi duniani, ikageuzwa kuwa shilingi, kisha zikaondolewa gharama za kuchambua, usafiri hadi bandarini, ushuru na tozo. Kinachobaki ndicho cha mkulima, ambaye alikuwa wa kwanza kushika jembe.

Mei 2022, ratili ya nyuzi ilipita dola 1.50. Wakati huo kaya za Marekani zilikuwa zikibanwa na mfumuko wa bei, ambao Juni ulifika asilimia 9.1, kiwango kilichokuwa hakijaonekana kwa miaka 40. Petroli na chakula vilipopanda, nguo ndizo zilizoahirishwa. Shati la zamani huvumilia mwaka mwingine, tumbo halivumilii. Kampuni za maduka za Target na Walmart zilijikuta na shehena za bidhaa zisizotoka, zikalazimika kuzipunguzia bei. Benki Kuu ya Marekani nayo ilikuwa imeanza kupandisha riba tangu Machi, mikopo ikawa ghali. Ukichanganya na China iliyokuwa bado ikifunga miji yake kwa ajili ya Uviko-19, viwanda vya nguo vya Asia vikapunguza ununuzi. Kabla mwaka haujaisha, ratili ilikuwa chini ya dola moja.

Si mara ya kwanza. Mgogoro wa mikopo ya nyumba wa Marekani, ulioiangusha benki ya Lehman Brothers Septemba 2008, uliwakuta wanunuzi wa pamba nchini wakiwa na mzigo walioununua kwa bei ya juu. Juni 2009 Rais Jakaya Kikwete alitangaza mjini Dodoma mpango wa Sh1.7 trilioni wa kunusuru uchumi, uliojumuisha fidia kwa hasara za wanunuzi hao. Mwaka 2019 waliobeba maumivu ni wakulima wenyewe: ilitangazwa Sh1,200, soko la dunia likashuka, wanunuzi wakasita, na wengi wakasubiri malipo kwa miezi. Mwaka 2020 bei ikawa Sh810.

Mmarekani mwenye ajira hulipwa kila mwezi au kila wiki mbili, na akibanwa hupunguza kidogo kidogo. Mkulima wa pamba hulipwa mara moja kwa mwaka, na fedha hiyo huwa imekwisha kupangiwa kazi: deni la dukani, sare za shule, bati, mahari. Tena uamuzi wa kupanda huufanya Novemba, miezi sita kabla ya kuijua bei.

Ndiyo maana wengi hawategemei pamba peke yake. Hulima dengu na choroko za kuuza, mtama na mahindi ya kula, na akiba huwekwa kwenye ng'ombe. Lakini ng'ombe naye ana kasoro yake. Pamba inapowaangusha wote kwa pamoja, wote humpeleka mnadani siku moja, na bei yake nayo huanguka.