Kichujio cha Hewa Husubirishwa

Dar es Salaam pana kituo kinachovuta hewa usiku na mchana. Ni kimoja kati ya 80 vilivyopangwa duniani chini ya mkataba wa mwaka 1996 wa kupiga marufuku majaribio yote ya silaha za nyuklia. Vituo hivi hunasa vumbi lenye mionzi. Kwa siku moja pampu hupitisha mita za ujazo 12,000 za hewa, au zaidi, kwenye kichujio. Kichujio kikitolewa hugandamizwa kikawa kama kisahani, kisha huwekwa kando siku nzima.

Kama jambo ni la hatari, mbona tunangoja? Tunangoja kwa sababu hewa tunayovuta kila siku ina mionzi yake ya asili. Radoni, gesi itokanayo na urani iliyomo ardhini, hupanda hewani kila mahali, na mazao yake hung'ang'ania vumbi. Ukikipima kichujio kingali kibichi, utayasoma hayo tu. Mengi hupungua kwa nusu ndani ya nusu saa, kwa hiyo hadi kesho yamekwisha. Kaidi ni risasi-212, yenye asili ya thori: baada ya siku nzima, sehemu moja kwa tano bado ipo.

Ndipo kichujio huingizwa kwenye sanduku la kuta nene za risasi, kikapimwa siku nyingine nzima. Kila isotopu inayotoa gama ina nishati yake. Siziamu-137, kwa mfano, hujitambulisha kwa kiloelektroni-volti 662. Berili-7, inayozaliwa juu angani kwa miale ya anga za mbali, hutarajiwa karibu kila mara. Mimi nikikuta majibu hayana berili, nashuku mashine kwanza.

Kwa tahadhari ya haraka viko vipimo vingine, vinavyosoma mionzi dakika kwa dakika, lakini havioni kiasi kidogo sana. Vichujio hukiona: mwaka 2017 vile vya Ulaya vilinasa rutheni-106, kiasi kisichodhuru afya huko. Ilikuja peke yake, bila siziamu. Ajali ya kinu cha nyuklia ingetoa mchanganyiko. Rutheni tupu iliwaelekeza wataalamu kwenye uchakataji wa mafuta ya nyuklia yaliyokwisha kutumika. Hesabu za pepo zilizorudishwa nyuma ziliangukia kati ya mto Volga na milima ya Ural. Urusi, yenye eneo hilo, ilikana kuwa chanzo.