Chuku na Doa Lisilofifia kwenye Mguu wa Matende

Swali linaloulizwa kila mara katika pwani ya Tanga, kuanzia Mkinga hadi Pangani, ni iwapo chuku huondoa damu iliyovilia katika mguu wenye matende, na jibu lake ni hapana, hata kama aliyepigwa chuku anasema alipata nafuu. Kinachoujaza mguu huo si damu bali limfu, yaani majimaji ya mwili yanayorudi moyoni kwa kupitia mishipa yake yenyewe, ambayo minyoo inayoenezwa na mbu imekwisha kuiharibu. Chuku hufyonza damu ya ngozini tu, na chale zake huwafungulia bakteria njia ya kuingia, ndipo homa na mtoki hufuata, na kila shambulio huongeza uvimbe.

Hatari kubwa zaidi ni kwamba kiungo kilichovimba kwa miaka mingi, ambacho kinga yake imedhoofika, kinaweza kwa nadra sana kuota angiosakoma, saratani inayoanzia katika utando wa ndani wa mishipa ya damu au ya limfu. Madaktari Stewart na Treves waliieleza mwaka 1948 kwa wanawake 6 waliovimba mkono baada ya kukatwa titi, na baadaye ikaripotiwa hata katika miguu ya matende. Huanza kama alama ya kugongwa, doa la zambarau au rangi ya damu ya mzee, lakini alama ya kugongwa hufifia ndani ya wiki chache, ilhali doa hili hutanuka na kuota vinundu. Likipigwa chuku hutoa damu kwa wingi, kwa kuwa limejaa mishipa dhaifu, na mgonjwa huenda zake ameridhika kwamba uchafu umetoka, huku saratani ikielekea mapafuni.

Sakoma ya Kaposi, inayosababishwa na kirusi na iliyo ya kawaida zaidi Afrika Mashariki, hufanana nayo na huweza yenyewe kuvimbisha mguu. Kwa hiyo kinachoamua ni darubini, si macho. Doa lisilofifia likaonyeshwe katika Hospitali ya Bombo, Tanga, kipande cha nyama kikatwe na kupimwa, pamoja na kipimo cha VVU. Angiosakoma ikithibitika, hutibiwa kwa upasuaji mpana, pengine kukata kiungo, na kwa mionzi au dawa za saratani katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Mguu usio na doa uoshwe kwa sabuni kila siku, ukaushwe hadi katikati ya vidole, uinuliwe wakati wa kupumzika na uvalishwe kiatu. Kingatiba ya ivamektini na albendazoli imezwe, ingawa huua vijiminyoo vya damuni bila kupunguza uvimbe wa siku nyingi.