Ovaflo ya sifoni

Ovaflo ya sifoni ni kifaa cha kutoa maji ya ziada kwenye tangi la samaki lisilotobolewa na kuyapeleka kwenye tangi la pili lililowekwa chini yake. Tangi hilo la chini huitwa pia sampu, na ndimo huwekwa chujio na hita. Kutoka humo, pampu huyarudisha maji juu. Ovaflo na pampu huchaguliwa pamoja, kwa sababu pampu ikizidi uwezo wa ovaflo, tangi la juu hufurika.

Kifaa hiki hutumika pale ambapo kioo hakiwezi kutobolewa. Baadhi ya matangi yana kioo kilichotiwa ugumu kwa joto, ambacho hupasuka vipande vipande kikiguswa na kekee.

## Jinsi kinavyofanya kazi

Ovaflo ya sanduku ina vyumba viwili: kimoja huning'inia ndani ya tangi na kingine nje. Vyumba hivyo huunganishwa na bomba lenye umbo la U iliyopinduliwa, lililojaa maji. Maji ya tangi humwagikia chumba cha ndani kupitia ukingo wenye meno, huvuka bomba hadi chumba cha nje, kisha hushuka kwenye sampu.

Umeme ukikatika, maji ya tangi hushuka hadi usawa wa ukingo tu. Ncha zote mbili za bomba hubaki ndani ya maji, hivyo hewa haiingii na sifoni huendelea yenyewe umeme unaporudi. Mpira wa kawaida uliotumbukizwa tangini bila sanduku hauna kinga hiyo: huendelea kunyonya hadi maji yafike kwenye ncha yake.

## Mwinuko na baridi

Sifoni hutegemea kani ya hewa. Usawa wa bahari, kani hiyo huweza kuinua maji karibu mita 10.3. Mji wa Njombe uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako kikomo hicho ni takriban mita 8.3. Makambako, iliyo chini kidogo, ina kikomo kinachokaribia mita 8.5. Kwa kuwa ovaflo ya tangi huinua maji kwa sentimita chache tu, mwinuko wa miji hiyo hauizuii kufanya kazi.

Athari kubwa zaidi ya mwinuko ni kwenye oksijeni. Maji ya nyuzi 25 za Selsiasi hushika takriban miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita usawa wa bahari, lakini karibu 6.6 tu katika mwinuko wa Njombe. Kuporomoka kwa maji kutoka ovaflo hadi sampu husaidia kuyachanganya na hewa.

Mkoa wa Njombe unafika hadi Ziwa Nyasa kupitia Wilaya ya Ludewa. Ziwa hilo lina samaki wa mawe waitwao mbuna, wanaofugwa kwenye matangi sehemu nyingi za dunia. Mbuna wamezoea maji ya vuguvugu, ilhali usiku wa Juni na Julai mjini Njombe ni wa baridi kali. Kwa sababu hita huwa ndani ya sampu, mzunguko ukisimama tangi la juu huanza kupoa.

## Kuchagua pampu

Kiwango kinachotumika mara nyingi ni kuzungusha maji ya tangi mara 3 hadi 5 kwa saa. Tangi la lita 200 huhitaji lita 600 hadi 1,000 kwa saa. Namba iliyoandikwa kwenye pampu hupimwa bila kuinua maji. Pampu ya lita 1,500 yenye kikomo cha kuinua mita 2 inaweza kutoa karibu nusu tu ya kiasi hicho ikiinua maji mita 1.2. Pampu pia iwe ya volti 230 na hezi 50, kama umeme wa Tanzania.

Ovaflo iwe na uwezo unaozidi mtiririko halisi wa pampu. Hata hivyo, bomba la U likiwa pana kupita kiasi, maji hupita polepole na mapovu hukusanyika juu yake hadi sifoni ikatike. Mabomba mawili ya U ni salama zaidi, mradi kila moja liweze kubeba maji yote peke yake.

## Mfano wa hesabu

Tangi la juu lina urefu wa sentimita 100 na upana wa 40. Sampu ina urefu wa 60 na upana wa 30.

* Umeme ukikatika: maji ya juu yakishuka sentimita 2, lita 8 huingia kwenye sampu. Yakiongezwa takriban lita 2 za mabombani, sampu hupokea lita 10, yaani hupanda karibu sentimita 5.6. Ni lazima nafasi hiyo iachwe wazi.
* Sifoni ikikatika huku pampu ikiendelea: pampu humaliza maji ya chumba chake. Chumba cha sentimita 20 kwa 30 kikishuka sentimita 15, hutoa lita 9. Tangi la juu likiwa na sentimita 3 za wazi, hupokea lita 12, hivyo halifuriki.

Hita huwekwa kwenye chumba kingine cha sampu, kwa sababu ikibaki nje ya maji inaweza kupasuka.

## Maji kurudi nyuma

Bomba la pampu likiwa na mdomo uliozama, lenyewe hugeuka sifoni umeme unapokatika na kuteremsha maji kwenye sampu. Tundu dogo hutobolewa kwenye bomba hilo, chini kidogo ya uso wa maji, ili liingize hewa na kukata mnyonyo. Tundu husafishwa mara kwa mara, kwani huzibwa na mwani. Valvu ya kuzuia maji kurudi haitoshi peke yake, kwani uchafu mdogo huizuia kufunga.

Mfumo mpya hujaribiwa kabla ya kuweka samaki: kwanza kwa kuzima pampu, kisha kwa kuingiza hewa kwenye bomba la U huku pampu ikifanya kazi. Ukiwa umepangwa vizuri, sakafu hubaki kavu katika majaribio yote mawili.