SAT: utume alama ama uzifiche?

Uzi mfupi. Kila msimu mjadala huu unarudi: mtihani wa kuingia chuo ni haki ama ni ubaguzi? Hapa kwetu gredi yako ya KCSE, KUCCPS wanaiona tu, utake usitake. Lakini binamu yangu anaomba vyuo vya Marekani, na huko vyuo vingi vinasema kutuma alama za SAT ni hiari yako. Amepata 1380 kwa 1600. Juzi akaniuliza: "Nitume ama ninyamaze?"

Hiari hii ilienea 2020, korona ilipofunga vituo vya mtihani. Walioitetea walikuwa na hoja: mtoto wa tajiri ana mwalimu wa ziada, na anaweza kurudia mtihani hadi achoke. Hiyo ni kweli, sibishani.

Shida ni kwamba ukiachia watu wachague, wenye alama za juu ndio hutuma. Wastani unaochapishwa na chuo unapanda, anayefuata anauona, anaogopa, naye anaficha. Mwaka ujao unapanda tena. Ni kama wagombea kutangaza mali yao kwa hiari. Yule aliyenyamaza, si tayari mmeshaanza kumshuku?

Chuo cha Dartmouth kilichunguza maombi yake chenyewe, kikakuta wanafunzi wa familia zisizojiweza wanaficha alama ambazo zingewabeba, maana alama husomwa kando ya shule uliyotoka. Februari 2024 kikarudisha mtihani kuwa lazima. MIT walikuwa wamefanya hivyo 2022, Harvard wakafuata Aprili 2024. University of California wao hawaangalii alama kabisa, kwa hivyo huko usijisumbue.

Sasa 1380. Vyuo viwili kwa orodha yake wastani umepita 1500, na alikuwa ashaamua kuficha. Nikamuuliza, shuleni kwenu wangapi walifanya SAT? Yeye na mwenzake mmoja. Mlifundishwa na nani? Hakuna, ni simu na bando. Na shule yenyewe, huko Marekani hakuna anayeijua. Akificha hiyo 1380, wanaosoma fomu watabaki na gredi za shule wasiyoweza kuipima.

Nimemwambia atume kote. Shangazi amenipigia akisema nacheza na bahati ya mtoto wake, na sikuwa na jibu la kumtuliza. Fomu zinafungwa Alhamisi.